Pua Si ya Kubebea Miwani Tu

Kila jioni Kamusi aliandika kazi za shule jikoni huku akiangalia uji. Wenzake walimbandika jina hilo kwa kupenda kwake maneno. Siku hiyo mwalimu wa Kiingereza aliwapa kibarua: watafute neno moja la Kiingereza lenye maana ya kutambua jambo, kwa jicho, sikio au hata pua. Mshindi angeiwakilisha shule mashindanoni. Kamusi aliutaka ushindi huo kwa udi na uvumba.

“Look” ni la macho. “Listen” ni la masikio. Mh! Kelele za mtaani zilimchanganya, akafunga madirisha na kuinamia kitabu. Nyuma yake mdogo wake alilala fofofo mkekani. Uji ukafurika, ukazima moto wa jiko la gesi. Kamusi hana habari!

Alipoinua kichwa, jiko limepoa. “Alaa! Na uji haujaiva!” Akachukua kiberiti, akatoa njiti.

“Usiwashe!”

Ni shangazi yake, fundi cherehani, akiingia mbio, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Alifunga mtungi, akafungua madirisha, akambeba mtoto na kumburuta Kamusi hadi uani.

“We mtoto! Gesi inanuka mpaka nje ya mlango, wewe uliye ndani husikii harufu?”

Kamusi aliikodolea macho njiti iliyokuwa bado mkononi. Akaketi chini pu! “Shangazi, ningemuua mdogo wangu!”

“Ungetumaliza sote.” Sauti ya shangazi ilitetemeka. “Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa natafuta neno.”

“Neno! Makubwa haya!”

Mtoto alipiga chafya, akauliza kama uji uko tayari. Shangazi alicheka huku machozi yakimtoka.

“Neno utalipata, mwanangu. Lakini pua si ya kubebea miwani tu. Ukiwa na moto jikoni, macho, masikio na pua vyote viwe kazini. Kitabu kitakusubiri, moto hautakusubiri.”

Usiku Kamusi hakupata usingizi. Neno lilimjia kitandani bila yeye kulitafuta, kwani ndilo jambo ambalo yeye hakulifanya.

“Notice,” alisema kesho yake darasani.

“Vizuri sana! Litungie sentensi.”

Kamusi akasimama. “I did not notice the gas,” yaani, sikuitambua gesi. Kisha akasimulia yote, hata habari ya njiti ile. Darasa zima likapigwa na butwaa.

Mwalimu aliweka chaki chini. “Mashindanoni utakwenda wewe,” alisema taratibu. “Lakini neno hili si la mashindano tu. Litumie kwanza nyumbani, kila siku.”