Springi ya Mzee Jaffer

Mzee Jaffer alikutwa kitini mwake saa moja kasoro asubuhi, tundu moja la risasi kifuani, bastola yake mwenyewe mkononi. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

Kufikia saa tatu, mtaa mzima wa Raskazone ulishakata shauri: mzee kajiua. Risasi ilipigwa karibu kabisa, mlango haukuvunjwa, hakuna kilichoibwa. Daktari alisema roho ilitoka papo hapo. Mazishi yakapangwa alasiri.

Binti yake, Kaneez, alimfuata Mkaguzi Praxeda mpaka kwenye gari.

"Afande, baba hakujiua."

"Kila mtoto husema hivyo, dada."

"Jana kaniagiza machungwa ya Muheza, nimkamulie leo jioni. Mtu anayepanga kufa asubuhi anaagiza machungwa ya jioni?" Alijifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Ndugu wameshaanza kunong'ona kama aswaliwe au asiswaliwe. Akizikwa na jina hilo, afande, halifukuliwi."

Praxeda hakuwa mwepesi wa ahadi, na wenzake walimwona mkavu. Lakini maneno yale yalimchoma. Vijana wa alama za vidole walipomaliza kazi yao, alichukua bastola pamoja na boksi la risasi lililokuwa kabatini, akaenda moja kwa moja kwa Noa.

Sajenti Noa alikuwa fundi wa silaha. Hakuwa na nyota begani, na Praxeda alimheshimu kuliko wengi waliokuwa nazo. Aliifungua bastola taratibu, kama mtu anayemenya yai la kuchemsha.

"Ilikutwaje, afande?"

"Mkononi mwa marehemu. Ganda moja la risasi zuliani. Risasi ya pili ilishaingia chemba, tayari kupigwa."

"Haikukwama?"

"Haikukwama."

Noa aliguna. Aliitoa springi, akaisimamisha juu ya mzani mdogo, akaibana kwa kidole gumba mpaka mwisho.

"Hii si ya kiwandani. Ya kiwandani inataka kilo nane. Hii inataka kumi na moja, ni ya risasi kali. Na risasi za boksi hili ni laini, za kuchezea shabaha."

"Nieleze kama unamweleza mama yangu."

"Risasi ikilipuka, inalisukuma hili bamba la juu lirudi nyuma, litupe ganda. Springi inalirudisha mbele, linabeba risasi nyingine. Sasa springi ngumu na risasi laini ni mlango mzito na mtoto mdogo. Anausukuma, unafunguka nusu, unarudi unambana. Ganda litabanwa hapa dirishani, kwenye tundu la kutokea maganda, limesimama."

"Una hakika?"

"Usiniamini mimi. Tuiulize yenyewe."

Alipiga risasi kumi kwenye sanduku la mchanga. Zote kumi zilikwama. Kila mara ilimbidi apige kitako cha magazini kwa kiganja, avute bamba kwa mkono wa kushoto, ndipo ganda litoke na risasi nyingine iingie. Akatia springi ya kawaida: risasi zilezile zikapita kama maji.

"Hata iliyomuua ilikwama," Noa alisema. "Kuna mtu kaikwamua. Na marehemu, Mungu amrehemu, mikono yake ilishamaliza kazi."

Praxeda alicheka kwa furaha, akasahau ukavu wake. "Noa, mama yako hakuzaa bure!"

"Lakini Mzee Jaffer alikuwa bingwa wa hizi. Hawezi kukosea springi. Kaitia makusudi, na sijui kwa nini."

Njia nzima Praxeda aliwaza. Mwuaji angeiacha bastola imekwama, nani angeuliza? Ingekuwa ushahidi safi wa kujiua. Basi aliyeikwamua hakufikiri. Ni mkono tu, mkono uliozoezwa mpaka haungoji amri.

Uweso, mtunza bustani, hajashika bunduki maishani, na mlio ulimkuta jikoni akimpa Kaneez mkate. Akabaki Asif, mtoto wa marehemu ndugu yake Mzee Jaffer, aliyelelewa na mzee na kulala chumba cha uani. Mzee ndiye aliyemfundisha shabaha.

Saa nane mchana Asif aliketi mbele ya Praxeda. Bastola ilikuwa mezani. Noa alikuwa ameitia risasi bandia za mafunzo, na ganda tupu limebanwa dirishani.

"Mlio ulikukuta wapi?"

"Nimelala, afande."

"Bastola uliigusa?"

"Sikuigusa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi soma namba hapo, uniambie kama ni ya ami yako."

Asif aliiokota. Kabla macho hayajafika kwenye namba, kiganja kilishapiga kitako cha magazini, bamba likavutwa, ganda likaruka na kulia sakafuni. Haikutimia sekunde moja. Praxeda alisisimka. Ulikuwa mkono mzuri, kazi ya mwalimu hodari.

Asif aliliangalia lile ganda, kisha akaiweka bastola chini polepole.

"Ndivyo ulivyofanya asubuhi," Praxeda alisema. "Juu ya bamba kuna alama ya kiganja kisicho cha mzee. Tutailinganisha na chako. Una haki ya kunyamaza."

Hakunyamaza.

"Nilikuwa nawaazima bastola watu wa Pongwe. Wanaoteka malori. Ami aliona risasi zinapungua."

"Akakushika vipi?"

"Nyumbani tulikuwa watatu ukimtoa yeye, hakutaka kumsingizia Uweso. Akatia springi ngumu, akanyamaza. Juzi mezani mimi mwenyewe nikamwambia, 'Ami, bastola yako siku hizi inakwama, badilisha springi.' Akaweka kijiko chini. Nani angejua kuwa inakwama, kama si aliyeipiga?"

Praxeda alimwona yule mzee akilini, akingoja kimya, na moyo ukamjaa heshima. Angekuwa mpelelezi wa kupigiwa mfano.

"Kwa nini hakuja kwetu siku hiyo hiyo?"

"Alinipa siku mbili nije mwenyewe. Leo zimeisha. Alisema akimaliza chai tunakwenda wote, na hataniacha mkono mpaka mwisho. Mimi niliiona jela tu. Nilikuwa na ufunguo wa kabati wa kuchonga."

Akainamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti.

Praxeda alitoka ukumbini, akampigia Kaneez. Upande wa pili wa simu zilisikika sauti za watu wengi.

"Mswalieni, dada. Baba yako hakujiua. Ameuawa."

Kaneez alilia, kisha akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru yeye.

"Jeneza liko tayari, afande. Tunamngoja Asif tu. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, ndiye atakayeingia kaburini kumpokea."

Praxeda alifumba macho.

"Msimngoje," alisema.