Adui Anaitwa Bagalwa

Siku Abdulswamad alipomwona Vestine kwa mara ya kwanza, alidhani amekutana na binti wa tajiri.

Ilikuwa Jumamosi, ndani ya lile duka kubwa la Bloomington, Marekani, linalojaa watu kama sikukuu ya Idi. Vestine alisimama mlangoni pa duka la viatu alikofanya kazi, koti la manjano mkononi, rasta zake zimefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Alikuwa akifoka kwenye simu.

"Yaya, kuja unichukue! Yaya, niko na njaa, usinikasirishe!"

Abdulswamad, dereva wa basi la hoteli karibu na uwanja wa ndege, alikuwa akipita na sare yake iliyopigwa pasi mpaka mstari wa suruali ungeweza kukata nyanya. Akasimama.

"Samahani, dada. Una yaya? Marekani hii? Na ana gari?"

"Ndiyo, iko na gari. Kwa nini?"

"Muulize kama anahitaji msaidizi. Mie napika, nafua, na watoto wananipenda."

Vestine alimkagua kutoka kofia mpaka kiatu. Kisha akaelewa, akacheka mpaka akashika mlango.

"Weye Mukenya! Kwetu Congo yaya ni kaka mukubwa! Anaitwa Yves. Akisikia umemufanya mufanyakazi wa nyumba, atakupiga."

"Basi tusimwambie. Nipe namba yako, tuitunze hiyo siri wawili."

Akampa. Usiniulize kwa nini, msomaji. Mimi nilijaribu maneno hayo hayo mahali pengine nikaambiwa nipishe wateja.

Baridi ikaja, theluji ikarundikana, simu zao zikapata moto.

"Sheri, umekula?"

"Sijala, kipenzi. Nimeshiba sauti yako."

"Shiba ya namna hiyo itakupeleka hospitali. Kula ugali."

Siri moja tu Abdulswamad alimficha. Siku za mapumziko, kijana huyu alitafsiri sinema za kuonyesha Waswahili wenzake ukumbini. Alichukua filamu, akazima sauti ya wazungu, akaweka yake: staringi, adui, bibi harusi, hata punda, wote yeye. Na kama desturi ya kazi hiyo, waigizaji aliwapa majina ya watu wanaojulikana ukumbini. Ukisikia jina lako limetoka kwenye kinywa cha mzungu mwenye bastola, ukumbi mzima unageuka kukutazama, nawe unapiga meza kwa furaha.

Safari hii alikuwa na sinema ya kauboi ya zamani, ambayo Wamarekani wenyewe wameisahau. Mzee mmoja anamwua jirani yake kwa kugombea kisima. Mtoto wa marehemu anakua na neno moja kichwani, kisasi. Kumbe binti wa muuaji ndiye anayempenda. Abdulswamad alitaka kumshangaza Vestine ukumbini, na ili acheke zaidi, yule mzee muuaji akamwita kwa jina la baba yake Vestine: Bagalwa.

Wiki hiyo hiyo Vestine akamtumia namba ya baba yake. "Musalimie Papa. Jijulishe. Ongea kwa heshima, tafadhali, usilete mchezo."

Asubuhi, kabla ya zamu, Abdulswamad alirekodi salamu nzuri ya baba mkwe. Akachagua na kipande cha sinema, sauti tu, cha kumwonjesha Vestine. Akatuma vyote viwili kwa haraka, akazima simu, akashika usukani.

Salamu ikaenda kwa Vestine. "Shikamoo mzee wangu, naomba radhi kwa kukusumbua." Vestine akacheka peke yake jikoni. Mjinga huyu, kanifanya mzee!

Sebuleni, katika fleti yao ya Saint Louis Park, simu ya Papa ikalia. Mzee Bagalwa, amevaa sweta na miwani, akabonyeza. Hapakuwa na farasi wala muziki. Palikuwa na sauti ya mwanamume tu, nzito, ya polepole.

"Bagalwa! Ulimwua baba yangu ukadhani ukihama umepona. Najua unapolala. Nakuja kuimaliza nyumba yako yote."

Chai ikamwagika. Mama akakaa chini kwenye zulia. Yves akaenda moja kwa moja kufunga kitasa cha mlango. Na Vestine, aliyetoka jikoni bado na tabasamu, akaganda pale pale. Sauti ile ilikuwa imemwita kipenzi jana.

"Kule Bukavu pia walianza na simu," Papa akasema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Halafu wakakuja. Fungeni vitu. Tunaenda kwa ndugu yangu kule Eden Prairie, leo. Kisha mbali zaidi."

Abdulswamad alipowasha simu mchana, Vestine alimpigia kabla yeye hajampigia.

"Nani alikutuma?"

"Ati nini, mpenzi?"

"Usiniite vile! Ulinifuata dukani juu ya Papa? Ni batu gani walikulipa?"

"Vestine, wallahi sielewi."

"Nilikupa namba ya baba yangu mwenyewe! Na mikono yangu!" Alilia, akakata, akam-block.

Abdulswamad akafungua ujumbe aliotuma. Akasikiliza. Basi la hoteli likabaki limesimama, abiria wanamtazama dereva aliyejishika kichwa kama aliyefiwa. Akaomba ruhusa, akachukua laptopu na maikrofoni, akaenda mbio kwao Vestine.

Masanduku yalikuwa tayari mlangoni. Yves alifungua mlango kidogo tu, mnyororo wake bado umefungwa.

"Napiga polisi!"

"Piga, kaka. Lakini kwanza nitazame, mie ni mjinga tu, si muuaji!" Akainua laptopu mbele ya ufa. Kauboi alikuwa juu ya farasi. Abdulswamad akashika maikrofoni, sauti ikatoka ile ile. "Bagalwa! Ulimwua baba yangu..."

Kisha Papa, kutoka ndani: "Ni ya sinema?"

"Ya sinema, mzee. Jina lako niliweka kwa mzaha. Niliona litamfurahisha Vestine."

"Jina langu, mzaha?" Mzee alikuja mpaka mlangoni. "Mutoto, miye nimehama nchi tatu juu ya jina hili."

Abdulswamad akalia waziwazi, koti limefunguka, theluji imemkaa mabegani.

"Ingia," Papa akasema. "Onyesha yote. Lakini adui umuite Abdulswamad."

Kwa hiyo alikaa juu ya sanduku, akajitukana sinema nzima. "Abdulswamad, mbwa wewe! Abdulswamad, mwizi wa visima!" Mama akaanza kucheka ndani ya kitenge. Papa hakucheka. Ikafika mwisho: kijana mlangoni na bastola, binti amesimama katikati, anaongea.

Abdulswamad akanyamaza. Sauti ya binti ilimshinda.

"Anasema nini?" Papa akauliza.

Vestine akamnyang'anya maikrofoni. "Anasema: Papa yangu amekimbia ya kutosha, leo hatoki. Kama unanitaka, weka hiyo kitu chini, uniombe kama watu."

"Hakusema vile!" Yves akapinga.

"Nyamaza," Mama akamwambia.

Abdulswamad akapiga magoti, akasema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba kuliko wote walivyotegemea. "Mzee Bagalwa, namwomba Vestine."

Kwenye kioo bastola ikalia, wote wakaruka. Papa hakuruka. Alikuwa anamtazama binti yake, mdomo wazi.

"Weye ni Muislamu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo tutaiongea siku nzima, siku ingine. Wazazi wako wako wapi?"

"Mombasa. Watakutumia ujumbe wa..."

"Hapana!" Mzee akainua mkono. "Wapige simu. Waseme majina yao kwanza." Kisha akamgeukia Yves. "Rudisha masanduku ndani."