Ushanga wa Naeku

Athumani alikuwa akichambua ushanga kwenye ungo, buluu huku, kijani kule. Naeku akaingia uani bila hodi. Alikuwa ametembea kutoka Kisongo, na uso ulikuwa umemkunjika.

"Fundi, umenifanyia mzaha?" Akaubwaga ushanga mbele ya Siwema, mke wa Athumani. "Binti yangu anaolewa keshokutwa. Niliomba buluu, mumeo kanipa kijani!"

"Hiyo ni buluu," alisema Athumani.

"Buluu ya wapi? Ya majani ya mgomba?"

Athumani akaapa. Siwema aliutazama ungo, akaona kila fungu lina rangi zote mbili.

"Baba Mwanamkuu," alimwambia mumewe, "hebu nipe ushanga mmoja wa kijani."

Akampa wa buluu.

Naeku mwenyewe alipoa. "Pole, fundi," alisema taratibu. Siwema akamchagulia ushanga wa buluu, naye Naeku akaenda zake.

Jasho lilimtoka Athumani. Ushanga aliuuza alasiri tu; kazi yake hasa ilikuwa kupaka rangi katika karakana ya magari ya ng'ombe. Kesho yake alipaswa kuchora mistari ya buluu kwenye magurudumu ya kijani. Mdachi, yule Mjerumani mwenye karakana, huchapa mtu kiboko kwa doa moja tu.

"Akijua, nimekwisha," alimwambia Siwema. "Usimwambie mtu."

Lakini Siwema alikwenda kwa jirani yao Omari, mkuu wa wapaka rangi. Omari alikuja, akauliza bila haraka.

"Ukitoka kazini kichwa kinauma? Unayumba kama mlevi?"

"Kila jioni."

"Na siku ya mapumziko?"

"Nakuwa mzima."

"Basi hukurogwa. Ni mvuke wa tapentaini, ile dawa tunayoyeyushia rangi. Tunafunga milango ili vumbi lisishike rangi, halafu tunauvuta kutwa. Kule Tanga wenzangu wawili walianza hivyo hivyo, kuchanganya buluu na kijani. Mmoja aliacha mapema, akapata nafuu. Mwingine alikazana. Hakupona."

"Na Mdachi?"

"Shida yake ni vumbi. Tutapaka nje alfajiri, umande ukiwa umelaza vumbi na upepo haujaamka. Matambara yenye tapentaini tutayafunika ndani ya debe. Mikono tutanawa kwa sabuni, si kwa tapentaini. Wewe piga msasa, mistari niachie."

Alfajiri wakafanya hivyo, na kulipokucha Mdachi alilizunguka gurudumu, kiboko kwapani. Athumani alibana pumzi. Mdachi akainama, akaikagua rangi kwa karibu. Hapakuwa na vumbi. Akaguna, akaondoka.

Miezi miwili ikapita. Kichwa cha Athumani kiliacha kuuma. Kila alasiri alichambua ushanga uani, na Siwema alihesabu makosa. Yalikuwa yakipungua, ingawa hayakwisha.

Siku moja Naeku alipiga hodi. "Fundi, nataka buluu. Unipe wewe mwenyewe."

Athumani alishika ushanga mmoja, akaurudisha, akachukua mwingine. Naeku akauinua juani.

"Aa! Leo si ya mgomba!"

Wote wakacheka. Naeku alipoondoka, ungoni zilibaki shanga chache, na jua lilikuwa limezama.

"Nizimalize?" aliuliza Athumani.

"Kwa giza hili?" Siwema akaufunika ungo kwa kanga. "Kesho, jua likitoka."