Mkono wa Fundi na Uvimbe wa Gundi

Mume wangu ni fundi viatu. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Siku zile ukiingia, ulikutana na harufu ya ngozi, mlio wa nyundo, na mbwa amelala juu ya miguu ya fundi. Tulimwita Gundi, kwa sababu tangu udogo wake alimganda mume wangu.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Niliomba jambo moja tu: mwanangu amkute Gundi.

Siku moja nikimwogesha Gundi, niligusa uvimbe ubavuni mwake. Ulikuwa mdogo kama harage.

"Ngozi ngumu hulainishwa kwa mafuta," mume wangu alisema. "Hii ni kazi yangu."

Kila jioni aliupaka mafuta, akausugua kwa kidole gumba kama anavyolainisha kiatu kipya. Mama mkwe naye akamtilia Gundi kitunguu saumu kwenye chakula. "Kinasafisha damu," alisema.

Baada ya mwezi, uvimbe ulikuwa kama limau. Gundi alikuwa halali tena miguuni pa fundi. Alijificha nyuma ya gunia la soli.

"Anaukimbia mkono wako," nilimwambia mume wangu. "Twende kwa daktari wa mifugo."

"Atamkata, Mama Kijacho."

"Umekata ngozi miaka kumi," mama mkwe akadakia, "leo unaogopa kisu?"

Tukaenda wote watatu, pamoja na Gundi. Daktari, mama mmoja mpole, alichoma uvimbe kwa sindano, akatoa majimaji kidogo, akayatazama kwenye hadubini.

"Hii ni saratani ya ngozi. Tena naona umesuguliwa. Nani anausugua?"

Mume wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Fundi, uvimbe wa aina hii ukisuguliwa huzidi kuvimba na kuwasha. Usiuguse."

"Na kitunguu saumu?" mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini.

"Bibi, vitunguu vyote huharibu damu ya mbwa."

"Jamani. Nami nikidhani naisafisha."

"Nia yako ilikuwa njema. Wala msimpe dawa zenu za maumivu, zinaweza kumuua."

"Hakuna mitishamba ya kuuyeyusha?" nikauliza.

"Mitishamba haiondoi saratani, dada. Mingine hugombana na dawa, kwa hiyo uliza kwanza. Kila mbwa ana tiba yake. Wengine hupewa vidonge, wengine tunawatuliza maumivu tu. Huyu tutamkata, kipande kiende maabara. Lakini kisu peke yake hakitoshi. Anataka chakula laini, mahali pakavu pa kulala, matembezi mafupi, na kupapaswa."

"Si umesema nisimguse?" mume wangu akauliza.

"Nimesema usiguse uvimbe. Mabega na mgongo ni vyako. Mkono wa mwenyewe humpunguzia mbwa hofu."

Gundi akakatwa. Mume wangu alimshonea kola pana ya ngozi laini, asilambe mshono. Daktari aliikagua, akaikubali.

"Kama bwana harusi," mama mkwe akasema.

Majibu ya maabara yalikuja: uvimbe wote ulikuwa umetoka. Kila jioni fundi alipapasa mabega ya Gundi taratibu. Siku ya tisa nikasikia nyundo imenyamaza. Nikachungulia. Gundi alikuwa amerudi juu ya miguu ya mume wangu, naye hakutaka kujitikisa.

Tangu hapo, kila Jumapili alimpapasa mwili mzima, akitafuta uvimbe mpya. Angeuona, tungekwenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Gundi aliishi nasi miaka mitatu zaidi. Binti yetu alizaliwa, akajifunza kutembea akishika sikio la Gundi. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa "Undi."

Uzee ndio uliomchukua, akiwa usingizini. Kola ile bado inaning'inia kwenye msumari wa karakana. Na jioni, baba yake akigonga viatu, binti yetu huvua ndala na kukaa juu ya miguu ya fundi.

"Inuka, mama, unanizuia kazi," baba yake humwambia.

"Sitoki. Hapa ni pa Undi. Namshikia nafasi."