Marcelline Anafunga Kaye

Kila asubuhi, wakienda shambani, wanawake wa Kabambare walipita mbele ya nyumba ya uzazi. Nyumba ilikuwa mpya, ya bati, na ndani mlikuwa na vitanda vinne. Lakini mlango wake ulikuwa na kufuli. Ilikuwa mwaka 1956, na wakubwa wa serikali walikuwa wamesema wazi: bila mkunga mwenye diploma, nyumba haifunguliwi. Kwa hiyo mama mwenye uchungu mgumu alipakiwa kwenye lori hadi Kasongo. Wengine hawakufika.

Mkunga aliyengojewa alikuwa Marcelline, mke wa Placide seremala. Alikuwa amesoma miaka miwili Kasongo, katika shule ya masere, wale watawa wa kanisa. Mwaka uliopita alifanya mtihani wa diploma akaanguka. Sasa alikuwa na nafasi moja tu. Akianguka tena, hataruhusiwa kurudi, na kazi yake itabaki kufua mashuka ya dispensari.

Marcelline hakuwa mvivu. Alisoma kaye yake, lile daftari nene la masomo, huku anapika, huku anamwogesha mtoto wao Mado. Aliisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza tena. Placide aliona jinsi anavyokonda.

"Kula kwanza," alimwambia.

"Zimebaki wiki saba, Placide. Niache nisome."

Siku moja alikuwa dispensari, anakunja mashuka na kunong'ona masomo yake. Asani alimsikia. Asani alikuwa munganga wa dispensari, mtu wa Kasongo mwenye kofia nyeupe, na diploma yake ya uuguzi alikuwa ameipata miaka mingi nyuma.

"Mama Mado, kaye unaijua?" aliuliza.

"Naijua yote, Baba Asani. Nimeisoma mara nne."

"Vizuri. Ifunge, uniambie. Mama amezaa sasa hivi. Damu inatoka mingi. Wewe iko peke yako. Unafanya nini kwanza?"

Marcelline alivuta pumzi. "Kutoka damu baada ya kuzaa ni hatari ambayo huletwa na..."

"Sikuuliza huletwa na nini. Mama anakufa. Mkono wako unaenda wapi?"

Marcelline aliuona ukurasa kabisa machoni pake. Aliuona hata mstari aliouchora kwa wino mwekundu. Lakini mkono wake haukujua pa kwenda. Hivyo hivyo ndivyo alivyosimama mbele ya daktari wa mtihani mwaka uliopita, mdomo wazi.

Alianza kulia. "Niliisoma, Baba Asani. Kweli niliisoma!"

"Najua. Lakini umejizoeza kusoma tu. Hujajizoeza kujibu. Hizi ni kazi mbili. Mutu akiangalia bwana wako anaranda mbao mwaka mzima, atakuwa seremala?"

"Hapana."

"Basi kamata randa. Leta karatasi."

Asani alimpa karatasi kuukuu za kuandikia homa za wagonjwa, zenye upande mmoja mweupe. Placide alizikata vipande vidogo. Upande mmoja Marcelline aliandika swali, upande wa pili jibu. Sheria za Asani zilikuwa chache. Jibu kwa sauti kabla ya kugeuza karatasi. Usijidanganye; nusu ya jibu si jibu. Ukikosa, andika kwa nini umekosa, kisha rudi kwenye kaye usome sehemu ile tu. Swali ulilokosa lirudi kesho. Swali ulilopata lirudi baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki, maana kichwa husahau.

Placide alitengeneza visanduku viwili vya mbao, kimoja cha maswali aliyopata na kimoja cha aliyokosa. Yeye hakujua lolote juu ya uzazi, lakini kusoma alijua. Kila jioni, kabla ya chakula, aliketi na kuuliza.

Siku ya kwanza aliuliza maswali ishirini. Marcelline alipata sita.

Siku ya pili alipata saba. Siku ya tatu, sita tena. Alizisukuma karatasi zikaanguka chini.

"Nimechoka na mchezo huu!" alisema. "Nikisoma kaye naona ninajua. Nikijibu maswali naona mimi ni mjinga. Afadhali nirudi kwenye kaye."

Placide aliziokota karatasi moja moja. Asubuhi alimpeleka mkewe kwa Asani.

Asani alisikiliza mpaka mwisho. "Kaye inakubembeleza, Mama Mado," alisema. "Ukiona maneno unayajua kwa sura, unafikiri unayajua kwa moyo. Swali linakuonyesha tundu liko wapi. Hapa ukikosa, nani anakufa?"

"Hakuna mutu."

"Basi kosea hapa. Kosea sana. Yamalize makosa yako hapa."

Marcelline aliendelea. Wiki ya pili alipata kumi na moja. Wiki ya tatu alipata kumi na saba, na alirudi dispensari kichwa juu. Asani alichukua karatasi moja, lakini hakuisoma kama ilivyoandikwa. Aligeuza swali kidogo. Marcelline akajibu jibu la karatasi, haraka haraka, nalo halikuwa jibu la swali lile.

"Umeona?" Asani alisema. "Umeanza kukariri karatasi. Jiulize kila mara, kwa nini? Kwa nini tunasugua tumbo? Kwa nini tunatoa mkojo? Ukijua sababu, wakubwa wa mtihani wageuze swali wanavyotaka."

Tangu siku ile, kila jibu lilikuwa na "kwa sababu" ndani yake. Na mara mbili kwa wiki Asani alimsimamisha mbele ya meza, yeye na wauguzi wawili wakikaa kama wakubwa wa mtihani, nyuso zimekunjwa, saa mezani. Marcelline alijibu.

Ndipo barua ikaja kutoka Kasongo. Daktari wa mtihani alikuwa amebadilisha safari zake. Mtihani uliletwa karibu zaidi. Badala ya wiki mbili na nusu, zilibaki siku tisa.

Marcelline aliingia ndani, akachukua kaye, akaifungua ukurasa wa kwanza. Alianza kusoma yote upya, mbio mbio, maneno yakipita bila kuingia.

Placide alisimama mlangoni. "Baba Asani alisema nini?"

"Placide, siku tisa! Nisiposoma yote..."

"Alisema nini?"

Marcelline alimwangalia mumewe kwa hasira. Kisha polepole akafunga kaye. "Alisema nifanye kazi mahali penye tundu."

Walikifungua kisanduku cha makosa. Zilikuwamo karatasi thelathini na moja. Kwa siku sita walizirudia hizo, huku maswali mengine yakiguswa kidogo tu. Jioni ya sita zilibaki nne. Kesho yake lori liliondoka. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Mara mbili abiria walishuka kusukuma kwenye matope. Marcelline alisukuma, na huku anasukuma alijibu maswali yale manne kwa sauti. Watu wa lori walimtazama kwa mshangao.

Kasongo, wasichana tisa walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Mmoja alikuwa anasoma kaye yake huku machozi yanadondoka juu ya karatasi. Jina la Marcelline liliitwa.

Ndani alikaa daktari Mzungu, na kando yake Masere Louise, mwalimu wa zamani wa Marcelline. Daktari hakuinua macho.

"Mama amezaa saa moja iliyopita," alisema. "Mtoto mzima. Kitanda kikavu, damu haionekani. Lakini mama amepauka, jasho baridi, mapigo ya moyo yanakimbia. Anasema anasikia kiu. Utampa maji na kumwacha alale?"

Swali hili Marcelline hakuwa nalo kwenye karatasi yoyote. Damu haionekani! Alisikia saa ya ukutani. Masere Louise aliinamisha uso, kama mtu asiyetaka kuona.

Kwa nini? Marcelline alijiuliza. Kwa nini mama apauke kama hakuna damu? Kwa sababu damu ipo. Ipo mahali asipoiona.

"Hapana, Daktari. Simwachi," alisema. "Naweka mkono juu ya tumbo. Kama ni laini na limepanda, damu imejaa ndani ya mji wa mimba. Naita msaada. Nasugua tumbo mpaka likaze, natoa damu iliyoganda. Natoa mkojo, kwa sababu kibofu kikijaa kinazuia mji wa mimba kukaza. Naangalia kondo kama limetoka zima. Nachoma sindano ya kukaza. Namlaza kichwa chini, namfunika, na natuma mtu kwa daktari mara moja."

Daktari aliinua macho. Aliuliza mengine kumi na mawili. Kumi na moja alijibu. La mwisho lilikuwa juu ya dawa mpya.

"Hiyo sijui, Daktari. Singempa mama dawa nisiyoijua. Ningeuliza kwanza."

Daktari aliandika kitu.

Wasichana wote walingoja nje mpaka saa tisa. Masere Louise alitoka na karatasi akaanza kusoma majina ya waliofaulu. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Marcelline aliushika ubao wa benchi mpaka vidole vikauma. La tano lilikuwa lake. Hapakuwa na la sita.

Mwezi uliofuata nyumba ya uzazi ya Kabambare ilifunguliwa. Katika majuma matatu ya kwanza wanawake kumi na mmoja walizalia pale, wote wakarudi nyumbani na watoto wao. Wasichana wawili wa dispensari, waliotaka kwenda shule ya masere, walianza kukata karatasi zao.

Asubuhi moja Asani alikuja mbio, kofia imepinda. Nyuma yake majirani walikuwa wamemshika binti yake Hawa, akijikunja kwa uchungu.

"Mama Mado," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwalimu, "mutoto amekaa vibaya. Ametanguliza matako. Tufanye nini?"

Safari hii aliuliza kwa sababu hakujua.

"Mlete ndani, Baba Asani," Marcelline alijibu, akiwa tayari ananawa mikono. "Wewe kaa hapo nje."

Asani alikaa. Jua lilipofika utosini, alisikia mtoto analia.