Kiti cha Kushoto

Jua lilikuwa la utosi Rosalba alipoondoka Gulu, baada ya kumzika mumewe, Sajini Obita. Mama mkwe wake, Abalo, aliushika mlango wa gari.

"Mwanangu, njiani usimwite marehemu kwa jina," alimnong'oneza. "Anaweza kuitika mwingine."

Rosalba alikubali kwa kichwa. Wafu hakuwaogopa. Aliogopa nyumba yao katika kambi ya jeshi ya Mbuya, ambayo leo angeingia peke yake, akiwa na redio tu ya kuvunja ukimya.

Barabara ilinyooka katikati ya alizeti na nyasi ndefu. Nchi ilipendeza, ila hakukuwa na wa kuambiwa "tazama kule". Upepo wa dirishani ulikuwa wa moto kama mvuke wa sufuria. Safari zote za nyuma Obita alilala fofofo, mdomo wazi, mpaka daraja la Karuma. Hapo Rosalba alikuwa akimwamsha aone mto Nile ukitoa povu.

Alipoingia darajani, maneno yakamponyoka.

"Obita, amka. Karuma hii."

Akajiuma ulimi.

Ng'ambo, nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara wakingoja kutupiwa ndizi. Walipoliona gari lake, wakakimbilia msituni wakipiga mayowe.

Kisha… ti. Ti. Ti.

Kengele ya mkanda. Ile inayolia mtu akikaa bila kuufunga. Wake ulikuwa umefungwa. Mkoba ulikuwa nyuma. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Ti. Ti. Ti.

Akasimamisha gari. Akauvuta mkanda wa kushoto, akaufunga.

Kimya.

Aliogopa, tusidanganyane. Ila alifurahi kuliko alivyoogopa. Njia nzima alimsimulia Obita msiba wake mwenyewe: nani alilia kweli, nani alilia huku jicho liko kwenye sufuria ya nyama. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Mjini Luwero, jua likizama, alisimama kununua gonja, ile ndizi tamu ya kuchoma. Mwuzaji akainama kwenye dirisha la kushoto.

"Nyabo, mama, shika yako." Kisha akakigeukia kiti. "Ssebo, bwana, angalia sigara yako. Itachoma kiti."

Ndipo Rosalba naye akaisikia harufu. Tumbaku… tumbaku kali, na udongo mbichi.

Obita hakuwahi kuvuta sigara. Moshi wa sigara ulikuwa ukimbana kifua.

Akaondoa gari, akaendesha bila kupumzika mpaka Mbuya. Kila taa ya barabarani ilipomulika ndani, aliangalia mbele tu. Akaingia uani, akazima injini.

Klik.

Mkanda wa kushoto ulifunguka wenyewe.

"Tumefika?"

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu mzima, ngeni kabisa.

Rosalba aliitazama nyumba yake. Ilikuwa giza tupu. Angeweza kupiga kelele. Majirani wote ni wanajeshi, wangetoka mbio. Wangemsaidia, wangempa pole, halafu wangerudi kwa wake zao.

"Tumefika," akanong'ona.

Akafungua mlango wa nyumba, akasimama pembeni kumpisha.