Asubuhi za Babu Gogo

Kila Jumamosi, kabla ya kugusa cherehani yake, bibi alipangusa vumbi kwenye kiti cha marehemu babu, kisha akacheka peke yake. Mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu alikwisha kujua kinachofuata. Binti huyo aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini hapo alinyamaza. Hadithi ile aliipenda, hata kama ameisikia mara mia.

"Babu yako bwana!" bibi angesema. "Fundi seremala hodari, milango ya mtaa mzima kaitengeneza yeye. Lakini ashibe sana jioni, asubuhi ni gogo! 'Mke wangu, miguu imekataa kazi.' Namwagia maji, wapi! Ikifika adhuhuri utamsikia huyo, anapiga randa na mluzi juu."

Ndivyo mtaa ulivyompa jina la Gogo, naye akaenda nalo hadi kaburini.

Ijumaa moja Chiriku alikimbia mbio za shule, akarudi na njaa ya kufa mtu. Bibi alikuwa amekwenda kumpima mteja nguo. Kabatini mlikuwa na keki nzima, ya wageni wa Jumapili. Chiriku alikata kipande kimoja, kikaita kingine, na kufumba na kufumbua sahani ilikuwa tupu. Aliiosha, akairudisha, akalala mapema.

Asubuhi alitaka kushuka kitandani, miguu ikagoma. Mikono nayo ilikuwa mizito kama imefungiwa mawe.

"Wewe naye! Umerithi ya babu yako?" bibi alitania, kopo la maji mkononi. Kisha akaona machozi yakimtiririka mtoto hadi masikioni, na hana nguvu hata ya kuyafuta. Kopo likamponyoka.

Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alimtoa Chiriku damu, akambandika nyaya kifuani ili kupima moyo. Majibu yalipotoka alikunja uso.

"Potasiamu kwenye damu imeshuka mno," alisema. "Hata moyo unaweza kuyumba. Sasa, kama imepotea nje ya mwili, nikupe dawa nyingi. Kama imejificha ndani ya misuli, nikikupa nyingi nitakudhuru. Umeharisha? Umetapika?"

"Hapana, daktari."

"Jana jioni ulikula nini?"

Chiriku alimtupia bibi jicho. "Chai na mkate kidogo tu."

"Una hakika? Nisaidie, mwanangu. Hapa siwezi kubahatisha."

Chiriku aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake, lakini hofu ilizidi. "Bibi, nisamehe. Keki ya wageni nimeila mimi, nilipotoka mbio za shule. Yote."

"Yote?" Daktari karibu apige makofi. "Tena baada ya mbio? Ahsante kwa kusema!"

Alimnywesha dawa ya potasiamu kidogo kidogo, kisha akavuta kiti.

"Kila seli ya msuli ina vilango vidogo mno, wataalamu wanaviita chaneli za ayoni. Madini yenye chaji, kama sodiamu na potasiamu, hupita humo, na huo ndio umeme unaouamuru msuli ujikaze. Kuna maabara ambako mtaalamu hugusisha seli ncha ya bomba la kioo, nyembamba kuliko unywele, akapima umeme wa kilango kimoja kikifunguka na kufungika. Wewe nadhani una vilango vinavyovuja. Ukila sukari nyingi, potasiamu huhama kwenye damu ikaingia ndani ya seli, na msuli wenye kasoro hiyo hausikii tena amri. Tutapima damu zaidi tuhakikishe, maana kasoro hii hurithiwa. Katika ukoo yupo aliyewahi kuamka hawezi kusimama?"

Vidole vya bibi vilipapasa upindo wa shuka.

"Babu yake," alisema. "Miaka thelathini ananiambia miguu imekataa, na mimi nacheka. Nikimmwagia maji baridi, daktari! Wala hakunikasirikia hata siku moja. Milango ya watu wote alitengeneza, yake hakuna aliyeitazama." Akalia bila kujificha.

Saa chache baadaye kidole gumba cha mguu wa Chiriku kikacheza. "Bibi, tazama!" Kufikia jioni alitembea mwenyewe hadi garini, orodha ya vyakula alivyokatazwa mkononi.

Jumamosi iliyofuata bibi alipangusa kiti kama kawaida, lakini hakucheka. Chiriku alisubiri hadithi.

"Leo hakuna Gogo," bibi alisema. "Babu yako alikuwa mgonjwa, na alisema kweli. Wewe nawe ulisema kweli, ukapona. Shika hili, mjukuu wangu: daktari mwambie yote, hata yale ya aibu. Na mtu akikwambia mwili umemkatalia, msadiki kwanza. Mimi nilianza na kucheka, nikachelewa."

Aliushika mgongo wa kile kiti. "Nisamehe, fundi wangu," akanong'ona. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Njoo ukae."

"Kwenye kiti cha babu?"

"Kaa, mama. Upumzishe miguu."